Dawa ya chunusi inakuchoma uso? Fanya hivi kabla hujaitupa

"Musawo (daktari), nipe ile kali." Hivo ndo watu wengi wanaomba dawa ya chunusi dukani, hata kabla hujauliza ngozi yake ikoje. Kuna imani hapa mjini kwamba dawa isipochoma ni feki, kwahiyo mtu ananunua tyubu, anapaka usiku wa kwanza kama anapaka jeli ya mwili, uso unawaka moto, anafurahi, kesho anaongeza. Ikifika Jumapili hawezi hata kucheka vizuri sababu pembe za mdomo zimepasuka, anaitupa tyubu kwa takataka na kuwaambia majirani kwamba dawa za wazungu hazikubali ngozi yetu.

Mimi nakaa kaunta ya duka la dawa hapa Kampala na naona hii kila wiki. Mara nyingi dawa haina makosa, shida ni namna ya kuipaka. Kuchoma hakuonyeshi kwamba dawa inafanya kazi. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna hasara ya pili: ngozi ikiungua au ikichubuka inaacha doa jeusi, na hilo doa linaweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kupona. Yaani unaweza kutibu chunusi kumi ukabaki na madoa ishirini uliyojiletea kwa haraka. Ukienda polepole unafika mapema, hapa sio maneno tu.

Kwanza jua ngozi nyeusi ikiumia inaonekanaje

Ile karatasi ndani ya boksi itakwambia "ukiona wekundu punguza dawa". Sasa wewe mtu wa Arua au Kasese utakaa unangoja wekundu hadi lini? Kwetu unaweza usiuone kabisa. Unachoona ni uso kuwa wa kijivu kama una majivu hata baada ya kupaka mafuta, ama unang'aa vibaya huku ukibana, weusi unaanza kuzunguka mdomo na pembeni ya pua, na jeli yako ya kawaida ambayo umepaka tangu utoto leo inakuchoma. Jasho likishuka linawasha. Hizo ndo dalili zako, ukiziona jua ngozi imechoka hata kama kwa kioo hakuna kitu chekundu.

Hatua ya 1: soma tyubu, ujue unapaka nini

Usiniambie "ile ya boksi ya bluu". Geuza boksi tafuta jina la dawa na asilimia yake.

Benzoili peroksaidi inakuja asilimia 2.5, 5 na 10. Watu wote wanataka 10 sababu namba ni kubwa, lakini ilishapimwa, 2.5 inapunguza chunusi karibu sawa na 10 na inachoma kidogo sana. Kama ulichukua 10 na uso umeungua, hauhitaji dawa mpya, unahitaji ile ndogo.

Tretinoini, dawa ya kupaka ya familia ya vitamini A, iko asilimia 0.025, 0.05 na 0.1. Anza na 0.025, na mtu wa ngozi laini aulize adapaleni 0.1, ni ndugu yake lakini ina upole zaidi. Asidi ya salisili mara nyingi iko asilimia 2 kwenye sabuni za maji za uso. Asidi azelaiki ya asilimia 15 au 20 hainunuliwi sana hapa na mimi nasikitika, sababu inasaidia chunusi na madoa meusi pamoja, ingawa mwanzo inawasha. Klindamaisini, dawa ya kuua bakteria, haina moto mwingi ila usiitumie peke yake miezi na miezi, vijidudu vinaizoea, ndo maana daktari anaichanganya na benzoili peroksaidi.

Sasa ukisoma ukakuta betametasoni au klobetasoli, yaani steroidi kali, simama hapo hapo. Hiyo sio dawa ya chunusi. Kuna krimu za tatu kwa moja, ndani kuna betametasoni, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, watu wanazipaka usoni kwa kila kitu, chunusi, upele, madoa, hata kung'arisha. Siku za kwanza uso unatulia na unakuwa laini, unadhani umepona. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana, vipele vidogo vidogo vinatoka kwa wingi, na siku ukiacha uso unawaka kuliko mwanzo kwahiyo unarudia, na hapo ndo unafungwa. Mkorogo wa kwenye kopo lisilo na jina, ule wa sokoni, mara nyingi una hizo hizo pamoja na haidrokwinoni ya kung'arisha au zebaki, vitu ambavyo UNBS, shirika la viwango la Uganda, imekataza kwenye vipodozi. Kama umetoka kwenye huo mkorogo juzi, usiruke moja kwa moja kwenye tretinoini, ngozi yako haina ngao. Nenda kwa daktari wa ngozi kwanza, hizi hatua zingine zitakungoja.

Hatua ya 2: toa vitu usoni kabla ya kuongeza

Hapa ndo nusu ya moto inazimika na haina gharama yoyote. Mtu anakuja analalamika dawa inachoma, ukimuuliza asubuhi anaosha na nini anakwambia sabuni ya kipande ile ya kufulia, na dodoki, ile wanaita kyangwe, halafu ndimu, halafu jioni dawa. Nnyabo, hata mguu ungeungua.

Acha hivi vitu vyote wakati unaanza dawa: ndimu, baking soda, dawa ya meno juu ya chunusi, spiriti, skrabu yenye chembechembe, tona inayonuka pombe, manjano ya kusugua, sabuni ya kuua vijidudu. Dodoki libaki la mgongo na miguu, usoni tumia mikono yako tu. Osha uso mara mbili kwa siku, na tena ukitoka jasho jingi, maji yawe ya uvuguvugu au ya kawaida, sio yale ya kuogea ya moto. Sabuni iwe ile isiyokausha, ukimaliza kuosha uso usisikie unabana. Ukisikia unabana ndani ya dakika tano basi sabuni hiyo ni kali kwako hata kama bei yake ilikuwa kubwa.

Na wanaume, saluni. Kinyozi akimaliza nywele anataka kukupa huduma kamili, anaweka taulo la moto, anasugua uso na skrabu, anamwaga spiriti kwenye kidevu, halafu poda. Kwa mtu asiye na dawa usoni ni raha, kwa mtu wa tretinoini ni msiba. Mwambie mapema kabla hajashika kitu, "kaka, kichwa tu, uso acha." Kama lazima unyoe ndevu ruka dawa usiku wa kabla na usiku wa baada, na usikwangue karibu sana. Kina dada mnaotoa nyusi au kutoa nywele za uso kwa nta, acheni tretinoini au adapaleni hapo mahali kama wiki moja kabla, nta inaweza kuondoka na ngozi.

Hatua ya 3: jaribu sehemu ndogo siku tatu

Watu wanaruka hii na sijui kwanini, siku tatu si kitu. Paka kidogo sehemu moja au mbili ndogo zenye chunusi, mfano kidevu upande mmoja, siku tatu. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa za chunusi zinazouzwa bila cheti zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisili, kwamba kuna watu wachache sana wanapata mzio mkali hadi koo kubana, na walishauri jaribio hili hili. Ni nadra, lakini mwili wako hujauuliza bado. Zikipita siku tatu bila shida, endelea.

Hatua ya 4: siku chache, dawa kidogo, uso mkavu

Hii ndo hatua yenyewe, isome mara mbili.

Usianze kila siku. Kwa tretinoini na adapaleni anza usiku tatu kwa wiki, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wengine wenye ngozi laini wanaanza mbili. Kaa hapo wiki mbili tatu. Kama hakuna kubanduka kwingi ongeza usiku mmoja, ukae tena, ukaongeze tena. Kuna watu wanabaki usiku mmoja ndio mmoja hapana maisha yao yote na uso wao uko safi, hakuna sheria kwamba lazima ufike kila siku.

Kiasi: uso mzima unapata punje moja ya njegere. Moja. Weka kidoti kwa paji, kidoti kila shavu, kidogo kwa pua, kidogo kwa kidevu, halafu sambaza. Wengi wanapaka juu ya chunusi moja moja kwa unene, hiyo ndo inachoma duara jeusi kuzunguka chunusi na bado haisaidii ile inayokuja kesho, manake hizi dawa kazi yake kubwa ni kuzuia vinyweleo visizibe.

Uso uwe mkavu. Ngozi yenye maji inapitisha dawa ndani kwa haraka, kwahiyo inachoma. Osha, pangusa kwa kugusa sio kusugua, halafu ngoja dakika 20 hadi 30. Mimi nawaambia watu waoshe uso taarifa ya habari ikianza wapake ikiisha, inakumbukika.

Kabla ya dawa chukua vaselini kidogo upake pembe za mdomo, pembeni ya matundu ya pua, na chini ya macho kwenye mfupa. Hayo ndo mahali dawa inakusanyika na kupasua. Kope usiguse na dawa kabisa. Na shingo pia iache, ngozi yake ni nyembamba kuliko ya uso, watu wanashusha kilichobaki mkononi hadi shingoni halafu wanashangaa mbona shingo imekuwa nyeusi.

Kama bado inachoma kuna mtindo wa mafuta-dawa-mafuta: paka loshoni nyepesi, ngoja kidogo ikauke, paka dawa, ngoja, paka loshoni tena. Dawa inapungua nguvu kidogo lakini utaivumilia, na dawa dhaifu unayoipaka miezi mitatu inashinda kali uliyoitupa wiki ya kwanza. Ngozi ikizoea toa ile tabaka ya chini ubaki na ya juu tu.

Kwa benzoili peroksaidi kuna njia nyingine ya kupunguza moto, ipake ikae dakika chache tu halafu osha. Anza dakika 2, ongeza polepole hadi 10. Inafanya kazi hata kwa muda huo mfupi. Na tahadhari ambayo hakuna mtu anakwambia dukani, hii dawa inatoa rangi kwenye nguo. Taulo la bluu litakuwa na madoa ya machungwa, mto, hijabu, kola ya shati la kazi, gomesi ya shughuli. Tumia taulo jeupe na foronya nyeupe na usivae kitu cha maana kabla haijakauka kabisa.

Usipange dawa mbili siku moja tangu mwanzo. Tretinoini ya kawaida ikikutana na benzoili peroksaidi inavunjwa, kwahiyo kama daktari amekupa zote mbili moja iwe asubuhi nyingine usiku. Adapaleni haina shida hiyo, hata kuna jeli imechanganya zote, ila moto unakuwa mwingi, kwahiyo ngozi izoee moja kwanza.

Hatua ya 5: mafuta, hata kama uso wako unatoka mafuta

Watu wenye chunusi wanaogopa kujipaka, wanasema mafuta ndo yanaleta. Halafu wanaweka dawa inayokausha juu ya ngozi kavu. Jipake asubuhi na usiku. Tafuta loshoni isiyo na manukato, ikiwa na gliserini au seramaidi ndani ni nzuri. Kama pesa haipo, gliserini ya chupa ndogo inatosha, changanya matone machache na maji kwa kiganja upake uso ukiwa na unyevu, usiipake tupu inanata na inaweza kukausha. Vaselini ya kawaida isiyo na harufu haizibi vinyweleo kama watu wanavyodhani, ni nzito tu, kwahiyo paka nyembamba, hasa usiku na pale palipopasuka.

Mafuta ya nazi na siagi ya kakao mimi siyapendi kwa uso wenye chunusi, kwa wengi yanaziba. Moo yaa (mafuta ya shea) yetu ya Acholi na Lango ni mafuta mazuri sana kwa mwili, mikono na midomo, lakini kwa uso wa chunusi inategemea mtu, jaribu shavu moja wiki mbili ndo uamue. Bibi atakasirika, samahani bibi.

Hatua ya 6: jua

Ikweta inapita pale Kayabwe njia ya Masaka, na Kampala iko juu kama mita 1,200 kutoka baharini, kwahiyo jua la mchana hapa halina mzaha miezi yote. Tretinoini inafanya ngozi iungue haraka, na kama daktari amekuandikia na vidonge vya doksisaiklini ni mara mbili. Halafu hilo jua ndo linafanya madoa yakolee zaidi. Dawa za familia ya tretinoini ni za usiku, asubuhi unaosha.

Sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, mtu mweusi pia, usidanganyike. Zile nyeupe zinakuacha na rangi ya majivu, kwahiyo kama unapata yenye rangi ya kahawia ni bora zaidi, ile rangi inatokana na madini ya chuma na inazuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa. Kama haipatikani au bei imekushinda, kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, kivuli kati ya saa nne na saa kumi. Watu wa boda na wa soko ambao kivuli hakipo, angalau kofia chini ya mwavuli wa steji wakati mnangoja abiria. Na kiangazi, kuanzia Desemba hadi Februari, hewa inakauka na vumbi linapanda, huko kaskazini ndo zaidi, punguza usiku mmoja wa dawa na uongeze mafuta.

Ikishaunguza, unafanya nini

Kubanduka kidogo na ukavu wiki za kwanza ni kawaida, punguza siku, usibandue kwa kucha. Ikiwa inachoma hata maji yakigusa, acha dawa kabisa siku tatu hadi tano, maji na vaselini tu, hakuna kitu kingine, hakuna "kitu cha kutuliza" alichokupa jirani. Ikitulia rudi lakini kwa usiku mmoja pungufu. Usiifidie kwa kupaka mara mbili.

Chunusi kuongezeka wiki za kwanza za tretinoini au adapaleni kunatokea, hasa pale zinapotokaga siku zote, na inapungua. Matokeo ya kweli hesabu wiki 12. Najua ni nyingi, lakini anayebadilisha dawa kila wiki mbili anakaa kwenye wiki za moto tu, zile za faida hazifiki.

Kope zikivimba, midomo ikivimba, malengelenge, majimaji, kuwasha kwingi kunakosambaa hadi mahali hukupaka dawa, huo ni mzio sio moto wa kawaida, acha na uende kliniki. Kushindwa kupumua au koo kubana, usisubiri asubuhi, panda chochote kilichopo ufike hospitali.

Ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, tretinoini na adapaleni weka pembeni uongee na daktari, asidi azelaiki ndo mara nyingi inaruhusiwa. Na kama chunusi zako ni mabonge makubwa yanayouma na kuacha mashimo, krimu peke yake haitoshi, kuna kliniki ya ngozi Mulago, na Mbarara pia wapo madaktari wa ngozi. Ukienda beba kila kitu unachopaka kwenye mfuko mmoja, tyubu, sabuni, mafuta, hata lile kopo la sokoni unaloona aibu kulitoa, sababu daktari akidhani ni chunusi za kawaida kumbe ngozi imezoea klobetasoli, atakupa dawa itakayokuchoma zaidi.